Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Jinsi Nyuso za Polima Zinavyobadilika Kulingana na Mazingira

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa vyuo, mafundi wa Eneo la Viwanda na wa jua kali, wachapishaji wa vifungashio, na yeyote jijini Nairobi ambaye kazi yake inamlazimu kupaka, kubandika, kuchapisha au kuhifadhi kitu cha plastiki. Hoja inayopita katika majibu yote ni moja: uso wa polima hauna sifa za kudumu zinazoweza kupimwa mara moja na kuandikwa kwenye jedwali, kwa kuwa uso huo hujipanga upya kulingana na kinachougusa.

Uso wa polima una kina gani?

Hilo hutegemea kipimo kinachotumika. Tone la maji likiwekwa juu ya plastiki huathiriwa na tabaka lisilozidi nanomita moja hivi (sehemu moja ya bilioni ya mita), yaani makundi ya atomi yaliyo nje kabisa. Kipimo kinachotumia eksirei kung'oa elektroni husoma takriban nanomita 10 za juu, ilhali kipimo cha infraredi ambacho sampuli hugandamizwa kwenye fuwele hufika karibu mikromita moja, ambayo ni nanomita 1,000. Uharibifu wa jua unaweza kushuka chini zaidi, hadi mikromita mia kadhaa. Ndiyo maana watu wawili waliopima kipande kimoja cha plastiki wanaweza kuleta majibu yanayopingana na wote wawili wakawa wamesema kweli. Kabla ya kubishana ni vyema waulizane kwanza kila mmoja alipima kina gani.

Plastiki ni kitu kigumu. Uso wake unawezaje kubadilika bila kuyeyushwa?

Polima ni minyororo mirefu ya molekuli, na ugumu tunaouhisi mkononi hautuambii kama vipande vidogo vya minyororo hiyo vinaweza kujigeuza mahali vilipo. Kila uso huelekea kwenye hali yenye nishati ndogo zaidi. Ukiwa hewani, makundi yasiyopenda maji, kama vile yale ya haidrokaboni na ya silikoni, hujitokeza nje, nayo makundi yanayopenda maji hujificha ndani. Ukizamishwa majini, mpangilio huo hupinduka. Wazo hili si jipya. Mwaka 1938 Irving Langmuir, mwanakemia wa Marekani aliyekuwa amepata Tuzo ya Nobel mwaka 1932, alieleza jinsi molekuli za tabaka jembamba la asidi ya mafuta zinavyoweza kujipindua tabaka hilo linapotoka hewani na kuingia majini.

Kasi ya mabadiliko hutegemea sana joto la mpito wa kioo, yaani kiwango cha joto ambacho chini yake minyororo huwa imekwama na juu yake hupata nafasi ya kusogea. Silikoni ya kawaida ina kiwango cha karibu nyuzi 125 chini ya sifuri, polipropilini iko karibu na sifuri, PET, plastiki ya chupa za maji na soda, iko kati ya nyuzi 70 na 80, polistirini karibu 100, na polikaboneti karibu 147. Kwa hiyo katika joto la kawaida la Nairobi uso wa silikoni hujipanga upya kwa saa au siku chache, wakati uso wa polikaboneti hukaa ulivyo kwa muda mrefu. Hata hivyo, kanuni hii isishikwe kwa ukali mno, kwa sababu minyororo iliyo kwenye nanomita chache za juu ina uhuru zaidi kuliko ile ya ndani, na uso wa polistirini unaweza kusogea hata pale ambapo kiini chake bado kimekwama.

Kuna ushahidi gani kwamba makundi ya molekuli hugeuka kweli?

Ushahidi mzuri unatoka kwenye lenzi laini za macho. Mwaka 1960 Otto Wichterle na Drahoslav Lím wa Chekoslovakia walichapisha habari za jeli ya polima ambayo hubeba maji kwa kiasi cha thuluthi moja ya uzito wake au zaidi, na ambayo baadaye ilitumika kutengenezea lenzi hizo. Mtu angetarajia kwamba kitu kilichojaa maji namna hiyo kitayapokea maji kwa urahisi. Lakini Frank Holly na Miguel Refojo walionyesha mwaka 1975 kwamba tone la maji likiwekwa juu ya jeli hiyo hewani husimama kwa pembe kubwa, yaani hubaki limeviringika bila kutandaa, karibu kama lililowekwa juu ya plastiki ya kawaida. Maelezo yao ni kwamba minyororo iliyo juu huyageuza makundi yake ya hidroksili, yanayopenda maji, kuelekea ndani kwenye maji, na kuyaacha makundi ya methili, yasiyopenda maji, yakitazama hewa. Jeli hiyo hiyo ikipimwa ikiwa chini ya maji, kwa kutumia kiputo cha hewa badala ya tone, huonekana kuwa rafiki mkubwa wa maji.

Nauona mfano huu kuwa na thamani kuliko milinganyo mingi, kwa sababu unaonyesha kwamba swali la kama plastiki fulani inapenda maji au inayakataa halina jibu mpaka tuambiwe plastiki hiyo ilikuwa wapi muda mfupi kabla ya kupimwa.

Je, mabadiliko haya hurudi nyuma?

Mengine hurudi, mengine hayarudi. Makundi yaliyogeuka kwa sababu ya maji yanaweza kugeuka tena sampuli ikikauka. Vitu vidogo vilivyosafiri kutoka ndani hadi juu, kama vile mafuta ya silikoni, nta na vilainishi, vinaweza kufutwa, ingawa mara nyingi vingine hupanda baada yake. Lakini minyororo iliyokatwa na jua au na maji haiunganiki tena, na hakuna sabuni wala king'arisha kitakachoirudisha. Fundi anayetaka kujua kama kitu kinafaa kurekebishwa aanze kwa kutambua ni lipi kati ya haya matatu lililotokea.

Nairobi si jiji la joto kali. Mbona jua lake huharibu plastiki upesi?

Kinachovunja minyororo hasa ni mionzi ya urujuanimno. Joto huharakisha tu kazi ambayo mionzi hiyo imekwisha kuianza. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na kidogo tu kusini mwa ikweta. Mionzi hiyo huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za kupanda, kwa kuwa hewa ya kuichuja inapungua, na karibu na ikweta jua la mchana hupita juu sana mwaka mzima. Mtu anaweza kuvaa sweta asubuhi ya Julai huku turubai la kibanda chake likiendelea kuliwa polepole.

Mwanga wa urujuanimno wenye urefu wa wimbi wa nanomita 300 hubeba nishati ya karibu kilojuli 400 kwa moli, ambayo inazidi ile ya kilojuli 350 hivi inayoshikilia atomi mbili za kaboni pamoja. Polietilini safi, ambayo wengi tunaiita polithini, haikupaswa kuunyonya mwanga huo kabisa. Tatizo ni kwamba hakuna polietilini ya kiwandani iliyo safi kiasi hicho. Ndani yake mna mabaki ya vichocheo na makundi machache yenye oksijeni, ya kabonili na ya haidroperoksidi, yaliyozaliwa wakati plastiki ilipokuwa ikiyeyushwa na kufinyangwa. Hayo ndiyo yanayonyonya mwanga, yakavunjika, na kuzaa radikali huru, yaani vipande vya molekuli vyenye elektroni isiyo na mwenzake, ambazo hushikana na oksijeni na kuendeleza mvunjiko kwa zamu. Polipropilini hudhurika zaidi ya polietilini kwa sababu kila kipande cha mnyororo wake kina kaboni iliyoungana na kaboni nyingine tatu, na hidrojeni ya kaboni hiyo hung'olewa kwa urahisi. Kwa hiyo kiti cha polipropilini kisichokuwa na kinga, kikiachwa uani, hupauka, kisha huacha unga mweupe kwenye nguo za anayekikalia, na mwisho hupasuka ghafla.

Jambo la kuzingatia ni kwamba uharibifu huanzia juu na hubaki juu kwa muda mrefu, kwa kuwa mwanga hufifia unapoingia ndani na oksijeni huchukua muda kupenya. Hilo lingeweza kututuliza, lakini halipaswi. Ngozi nyembamba iliyokwisha kuwa dhaifu hupasuka plastiki inapokunjwa, na ufa huo hukimbilia ndani ya sehemu ambayo bado ni nzima. Turubai linaweza kuwa na sehemu kubwa ya unene wake katika hali njema na bado likararuka kwa upepo wa kawaida.

Kwa nini matangi meusi ya maji hudumu juu ya paa?

Kwa sababu ya masizi ya kaboni, ambayo huchanganywa kwa asilimia 2 hadi 3 hivi. Masizi hayo huunyonya mwanga karibu kabisa na uso, na pia hunasa baadhi ya radikali. Sharti ni kwamba yatawanyike vizuri. Yakiganda kwa mabonge, kati ya bonge na bonge hubaki njia za mwanga. Matangi ya rangi nyingine hutegemea vidhibiti vya kemikali, hasa jamii ya amini zilizozibwa, ambazo huzima radikali na kisha hujizalisha upya, ndiyo maana kiasi kidogo hutosha kwa miaka. Rangi nyeupe ina hila yake: dioksidi ya titani hukinga dhidi ya mwanga, lakini aina yake iitwayo anatasi huweza yenyewe kuchochea uharibifu wa plastiki inayoizunguka, na kwa hiyo vifaa vya nje hutengenezwa kwa aina ya rutili, tena iliyopakwa tabaka la kuituliza.

Taa za mbele za gari langu zimekuwa za njano. Je, kuzisugua kunatosha?

Kunatosha kwa muda mfupi tu. Taa hizo ni za polikaboneti iliyopakwa tabaka gumu lenye kinga ya mwanga. Tabaka hilo likichakaa, mionzi huifikia polikaboneti yenyewe, ambayo hujipanga upya kikemia na kuzaa viambata vya njano. Anayezisugua kwa msasa au kwa dawa ya meno huondoa ile ngozi ya njano pamoja na mabaki ya kinga, na kuuacha uso mpya ukiwa uchi mbele ya jua lile lile. Zitang'aa siku ya kulipa, kisha zitarudi njano upesi kuliko mara ya kwanza. Fundi makini wa Kirinyaga Road hupaka kinga mpya baada ya kusugua, na mteja ana haki ya kumuuliza kama amefanya hivyo.

Polikaboneti ina adui mwingine asiyehitaji jua. Ikiwa imevutwa au kukazwa kwa skrubu, kisha ikaguswa na petroli, thina au baadhi ya mafuta, hupata nyufa ndogo nyingi bila kuyeyuka. Kimiminika hupenya kwenye sehemu iliyokazwa, hulegeza minyororo, na mvutano uliokuwemo humalizia kazi. Mwendesha bodaboda anayefuta kioo cha helmeti kwa kitambaa cha petroli anaweza kukiharibu kwa njia hii, na helmeti yenyewe pia, kama gamba lake ni la polikaboneti. Maji na sabuni laini vinatosha.

Vivyo hivyo kwa mabati ya plastiki angavu ya kuingizia mwanga: mengi yana tabaka la kinga upande mmoja tu, lenye unene wa makumi ya mikromita, na upande huo ndio unaopaswa kutazama juu. Karatasi iliyobandikwa na mtengenezaji huonyesha ni upande upi. Isibanduliwe kabla fundi hajapanda juu.

Wino uliochapishwa kwenye filamu ya plastiki unabanduka kwa utepe wa gundi. Tatizo ni wino au ni filamu?

Mara nyingi ni filamu, na hasa umri wake. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini Kenya kuanzia tarehe 28 Agosti 2017, lakini filamu za kufungia bidhaa viwandani, kama vile maziwa na mkate, zinaendelea kuchapishwa, na swali hili ni la kila siku kwa wanaozichapisha.

Polietilini ina nishati ya uso, yaani uwezo wa kuvuta kimiminika kitandae, ya takriban milinyutoni 31 kwa mita, kiasi kidogo mno kwa wino kutandaa. Kwa hiyo filamu hupitishwa chini ya cheche za umeme wa msongo mkubwa, ambazo hupandikiza makundi yenye oksijeni juu yake na kuifikisha kwenye 38 au zaidi. Baada ya hapo saa huanza kuhesabu. Makundi hayo hugeukia ndani taratibu, na wakati huo huo viongeza utelezi, kama vile amidi ya asidi ya eruki, hupanda kutoka ndani na kuufunika uso. Roli iliyopimwa vizuri siku ilipotoka kiwandani inaweza kushindwa kupokea wino baada ya kukaa ghalani kwa wiki kadhaa, na ghala lenye joto huharakisha mambo hayo yote. Kalamu za wino wa kupimia zinazouzwa kwa wachapishaji ni za bei nafuu kuliko oda moja iliyorudishwa. Zitumike asubuhi ya kuchapisha, bila kutegemea cheti kilichokuja na roli.

Silikoni nayo?

Silikoni ni mfano wa uso unaojiponya, jambo ambalo ni baraka au balaa kutegemea kazi. Watafiti wanaotengeneza vifaa vya kupitishia matone madogo huianika kwenye plazima ya oksijeni, yaani gesi iliyotiwa chaji kwa umeme, ili ipende maji, kisha hukuta imerudia tabia yake ya kuyakataa baada ya saa au siku chache, kwa kuwa minyororo mifupi iliyo ndani husafiri na kuufunika uso. Wakitaka kuchelewesha hilo huihifadhi majini. Wahandisi wa umeme, kwa upande wao, huitafuta tabia hiyo hiyo: kwenye vihami vya mpira wa silikoni, yaani vishikizi vya nyaya visivyopitisha umeme, minyororo mifupi hupanda hata juu ya vumbi na chumvi vilivyotua, ikafanya uchafu wenyewe ukatae maji, na hivyo umeme haupati njia ya unyevu ya kupitia.

Unyevu peke yake unaweza kuharibu plastiki ambayo haijaona jua?

Ndiyo, na mfano ulio karibu zaidi ni viatu. Soli nyingi nyepesi ni za poliyurethani ya aina ya esta, ambayo maji huivunja polepole, yakizaa asidi ambayo nayo huchochea mvunjiko zaidi. Viatu vya mtumba vinavyofika Gikomba vikiwa na sura ya upya huenda vilikaa sandukuni kwa miaka mingi. Anayevivaa huona soli ikimeguka kama mkate mkavu ndani ya siku chache. Gundi haisaidii hapo, kwa kuwa inashika vizuri kwenye uso ambao wenyewe hauna kilichoushikilia. Poliyurethani ya aina ya etha hustahimili maji vizuri zaidi, lakini ni dhaifu zaidi mbele ya mwanga na oksijeni.

Nailoni hunywa maji pia, ila kwake jambo hilo kwa kawaida hurudi nyuma: hulainika na kutanuka kidogo msimu wa mvua, kisha hukaza inapokauka.

Kwa nini mpira hupasuka mahali palipokunjwa tu?

Ni kazi ya ozoni, gesi ya jamii ya oksijeni, ambayo hukata vifungo maradufu kati ya kaboni na kaboni vilivyomo kwenye mpira wa asili hata ikiwa kidogo sana hewani. Mpira uliolegea hauonyeshi nyufa. Uliovutwa hupasuka kwa mistari inayokata mwelekeo wa mvutano. Nta iliyochanganywa ndani hupanda na kuufunika uso, na ule utando unaoonekana kwenye tairi jipya ni kinga ambayo haifai kusuguliwa.

Plastiki ikiingia mtoni, uso wake hupatwa na nini?

Katika dakika za kwanza hufunikwa na utando wa mabaki ya viumbehai yaliyoyeyuka majini, hasa protini na sukari tata, na baada ya hapo bakteria hujishikiza. Kuanzia hapo, kinachokutana na maji ni utando huo, wala si plastiki tena. Mto Nairobi huingia katika Mto Athi, ambao huendelea kama Galana na Sabaki hadi Bahari ya Hindi karibu na Malindi, kwa hiyo kipande kimoja kinaweza kupitia jua la nyanda za juu, matope ya mto na chumvi ya pwani. Jua likiwa limekwisha kupandikiza makundi yenye oksijeni, uso huo hushika metali kwa wingi kuliko plastiki mpya, na utando wa bakteria huongeza uzito hadi kipande kilichokuwa kikielea kikazama. Majaribio ya sumu yanayotumia chembe mpya zilizosafishwa maabara yanapima kitu tofauti na kilichomo mtoni.

Nitapimaje mabadiliko haya bila maabara kubwa?

Tone la maji yaliyokenekwa (distilled), sindano ndogo, simu yenye kamera nzuri na meza iliyosawazishwa vinatosha kwa kuanzia. Piga picha kutoka ubavuni na upime pembe kati ya plastiki na ukingo wa tone. Pima mara mbili: tone linapoongezwa maji likitanuka, na maji yanapovutwa likisinyaa. Pembe ya pili ndiyo inayofichua makundi yaliyogeuka kwa sababu ya kulowa, ingawa ukwaruzo na uchafu navyo huitofautisha na ya kwanza. Ukiona tone lililoachwa likilala upesi kuliko linavyoweza kukauka, huenda unautazama uso ukijipanga.

Kwa uharibifu wa jua, weka sampuli juu ya paa na uache nyingine gizani. Kwa kuwa jua la Nairobi hupita upande wa kaskazini mwezi Juni na upande wa kusini mwezi Desemba, ubao ulio karibu kulala hupata haki pande zote. Mashine za taa za zenoni, zinazoiga mwanga wa jua, hutoa majibu haraka, na zinafaa kulinganisha plastiki mbili zinazofanana, lakini saa za mashine hazigeuzwi kuwa miaka ya juu ya paa kwa kuzidisha tu, kwa kuwa uwiano wa mwanga, joto, mvua na giza ni tofauti.

Sampuli zihifadhiwe vipi kabla ya kupimwa?

Kwenye chombo cha glasi safi au karatasi ya alumini. Mifuko ya plastiki huambukiza viongeza utelezi, na gundi za utepe na vifuniko vyenye silikoni huacha alama ambayo kipimo cha eksirei huiona mara moja. Sampuli ishikwe kwa koleo, kamwe isiguswe kwa kidole. Juu ya chombo iandikwe tarehe, saa zilizopita tangu uso ulipotibiwa au kusafishwa, ilikaa majini au hewani, na unyevu wa chumba. Kipimo kisichokuwa na maelezo hayo hakiwezi kulinganishwa na kingine.